Oracle yuko mezani: uzime nini, na nani azime?

Kwenye cEDH, yaani Commander (namna mojawapo ya kucheza kadi za Magic: The Gathering) inayochezwa kwa nia ya kushinda tu, kila mtu ana deki ya kadi 100 na maisha 40, na mezani mko wanne. Ukijaribu kushinda, watatu wanakupinga. Ukimzima mwenzako, yaani ukiifuta kadi yake kabla haijafanya kazi, kadi imetoka mkononi mwako peke yako, na wale wawili wamepona bure. Ndiyo maana kwenye mchezo huu kujua wakati wa kunyamaza kuna thamani kuliko kuwa na kadi nyingi za kuzimia.

Tuchukue kombo (kadi mbili zinazoshinda zikiungana) iliyozoeleka mno, Thassa's Oracle na Demonic Consultation. Gharama yake ni mana 3 tu (mana ndiyo nguvu ya kulipia kadi), mbili za buluu na moja nyeusi. Unamcheza Oracle kwanza. Akishaingia, uwezo wake unakaa kwenye staki (foleni ya kadi na uwezo unaosubiri kutimia, cha mwisho kikitangulia) ukisubiri: utahesabu alama za buluu kwenye kadi zako zilizo mezani, na hesabu hiyo ikifikia idadi ya kadi zilizobaki kwenye rundo lako la kuvutia, umeshinda. Hapo hapo, kabla hujaachia nafasi kwa mtu yeyote, unacheza Consultation na kutaja kadi ambayo haimo kwenye deki yako. Inalifukua rundo lote na kulitupa nje ya mchezo. Uwezo wa Oracle ukifika unakuta patupu.

Wapinzani wengi wageni hukimbilia kumwondoa Oracle kwa Swords to Plowshares, kadi ya kuondoa kiumbe, wakati rundo limeshaisha. Haisaidii kitu. Alama zimebaki sifuri, kadi zimebaki sifuri, na sifuri imefikia sifuri. Kinachosaidia hapo ni Stifle, inayozima uwezo wenyewe, au kadi yoyote ya kumlazimisha mwenye kombo avute: rundo tupu, amepoteza papo hapo. Naye mwenye kombo asianze na Consultation. Rundo likishaliwa halafu mtu akamzima Oracle, hatakuwa na kadi ya kuvuta zamu yake ijayo.

Basi uzime ipi? Kwa kawaida Consultation. Kadi za kuzimia kama Swan Song, Flusterstorm na Fierce Guardianship haziwezi kumgusa Oracle kwa sababu ni kiumbe, lakini zote zinaigusa Consultation. Mental Misstep nayo inaizima kwa maisha 2 bila mana hata moja, kwa kuwa Consultation ina gharama ya 1. Tena ukisubiri, Oracle anakuwa ameshatumika na uwezo wake unapita bure. Ukimzima yeye mapema, Consultation inabaki salama mkononi mwa mwenyewe ikingoja mwenzi mwingine.

Lakini hesabu mana zake kabla hujasubiri. Kama baada ya zile 3 amebakiwa na 2, mojawapo nyeusi, kumbuka Tainted Pact, kadi nyingine inayoweza kulimaliza rundo lake. Ukizima Consultation, anaweza kuicheza Pact juu ya uwezo ule ule wa Oracle, na Misstep haiifikii kwa sababu gharama yake ni 2. Hapo Force of Will yako, inayozima kadi ya aina yoyote, impige Oracle akiwa bado hajaingia. Mlango mmoja unafunga njia zote mbili.

Sasa suala linalovuruga meza nyingi: zamu ya kujibu. Tuseme wanne mezani ni A, B, C na D kwa mpangilio wa zamu, na A ndiye mwenye kombo. A anapocheza, B hujibu kwanza, kisha C, mwisho D. B akipita, C akipita na D akapita, kadi imepita. B hapati nafasi ya pili. D akijibu, staki imebadilika na wote wanapata nafasi upya. Kwa hiyo mzigo uko kwa D, na B mwenye kadi moja ana haki ya kuishikilia ili aje kulinda jibu la D dhidi ya A. Ila kama D amelaza ardhi zake zote (kadi zake za kutoa mana zimeshatumika) na hana kadi nyingi mkononi, kupita kwa B ni kamari mbaya. Tazama meza ya D, siyo uso wake.

Silence, kadi inayowakataza wapinzani wako kucheza kadi kwa zamu hiyo, nayo watu huichezea pabaya. Ukisubiri uwezo wa Oracle uwe kwenye staki umechelewa, maana A hataachia nafasi kabla ya kucheza Consultation. Icheze Oracle akiwa bado kwenye staki kama kadi. Silence ikipita, Oracle ataingia na A hataweza kucheza kitu. Akiamua kuijibu kwa Consultation, ameteketeza rundo lake huku Oracle hajaingia. Silence ikishapita, ni wewe peke yako unayeweza bado kucheza kadi, na Force of Will moja kwa Oracle inammaliza A.