Tairi mbili mpya nyuma, za zamani mbele: kwa Prado, hapana

Shemeji yangu hununua tairi kwa macho. Juzi kanitumia picha ya Prado yake: nyuma tairi mbili mpya za matope, kashata (vile vinundu vya mpira vinavyokanyaga barabara) nene, maandishi meupe ubavuni, mbele zile zile za lami alizonunulia gari. "Shem, mnyama si huyu?" Nikamjibu mnyama kapendeza, ila asimpeleke Karatu akiwa hivyo.

Akaona namwonea gere. Mbona Land Cruiser hardtop yangu mimi, ninayobebea watalii, chapa ya mbele na ya nyuma hazifanani? Kweli hazifanani. Lakini zote ni 7.50R16 na zimelika karibu sawa, halafu hardtop kwenye lami inavuta nyuma peke yake. Mbele inavuta nikiingiza gia ndogo, na gia ndogo naiingiza kwenye matope au mchanga, ambako tairi ina nafasi ya kuteleza kidogo. Ukiiingiza kwenye lami kavu, mbele na nyuma zinalazimishwa kuzunguka sawasawa, na usukani unakuwa mzito hata kona ndogo inakushinda.

Prado yake inavuta zote nne muda wote. Katikati kuna difu inayosawazisha mbele na nyuma, na imetengenezwa kwa ajili ya kona. Sasa piga hesabu. Tairi ya 265/65R17 yenye kashata ya milimita 12 na nyingine iliyobaki na milimita 4, kwa macho tofauti ni ndogo. Kwenye mzingo wa tairi ni kama sentimita 5. Kwa kila kilomita, tairi ya mbele iliyolika inazunguka mara nane hivi kuzidi ya nyuma, hata barabara ikiwa imenyooka. Nenda kilomita 100 uone difu imefanya kazi kiasi gani bila kupumzika, na mafuta yake yamepata moto kiasi gani.

Na hizo za matope anazitakia nini? Arusha mpaka geti la Ngorongoro ni lami. Kashata kubwa zinanguruma njia nzima na zinaisha haraka. Ukishapita Ngorongoro kuteremkia Naabi, geti la Serengeti, adui ni mawe yanayochana ubavu, na ubavu hauokolewi na kashata. Za matope zina maana kwa anayeshinda kwenye udongo mweusi masika. Yeye anaenda shambani Jumamosi. Nikamwambia atafute za mchanganyiko, lami na vumbi, zenye ubavu mgumu, na namba ya uzito isiwe chini ya 112, yaani kilo 1,120 kwa kila tairi.

Mtumba nao ana tamaa nao, maana kashata zinakuwa bado nzima. Mimi nasoma kwanza tarakimu nne za mwisho baada ya herufi DOT ubavuni mwa tairi. 1516 maana yake ilitengenezwa wiki ya 15 ya mwaka 2016. Mpira wa umri huo umeshakauka, na kwenye lami yenye maji hata kashata nzima haikusaidii.

Muuzaji kakubali kubadilisha, kwa kuongezewa hela. Shemeji sasa ana nne za aina moja, tarehe zinakaribiana. Ya tano atanunua mwisho wa mwezi, aiingize kwenye mzunguko pamoja na hizo nne: kila akimwaga oili zihamishwe, spea nayo ishuke ifanye kazi, ili zote zizeeke pamoja. Nimemsisitiza asichelewe, kwa sababu spea mpya iliyofungiwa nyuma ya mlango miaka mitatu inarudisha tatizo lile lile siku ya pancha.

Kwa sasa spea yake ni ile nzuri kuliko wenzake wa zamani. Tumeipima mzingo kwa futi ya fundi cherehani, zote zikiwa na upepo sawa, ikapungua sentimita nne kuliko zile mpya. Itamfikisha kwa fundi pancha wa karibu, taratibu. Arusha haimrudishi.