Siku Moja Maishani Mwangu: Zamu ya Hekaluni

Saa 12 asubuhi naonyesha kibali changu mlangoni mwa hekalu la Kanisa la Yesu Kristo la Watakatifu wa Siku za Mwisho. Kibali hiki hutolewa baada ya mahojiano na askofu, kisha na kiongozi wa kigingi (kundi la makusanyiko kadhaa ya Kanisa), kuhusu imani kwa Yesu Kristo, uaminifu katika ndoa, zaka, na Neno la Hekima linalokataza pombe, tumbaku, chai na kahawa. Ibada za Jumapili katika Kanisa letu ziko wazi kwa yeyote, ila hekaluni huingia wenye kibali tu. Baada ya kuvaa nguo nyeupe, ambazo huwafanya tajiri na maskini wasitofautiane, wahudumu tunasali na kugawiwa kazi.

Saa 1 niko kwenye kisima cha ubatizo, kinachobebwa na sanamu za ng'ombe dume 12, kama ile bahari ya shaba katika Hekalu la Sulemani. Hapa vijana hubatizwa kwa niaba ya wafu, fundisho ambalo Joseph Smith, aliyeanzisha Kanisa mwaka 1830, alilitangaza hadharani mwaka 1840, nasi tunalisoma pia katika 1 Wakorintho 15:29. Leo msichana mmoja amekuja na kadi yenye jina la mama wa bibi yake, na kabla ya kushuka majini ananifundisha jinsi ya kulitamka. Mashahidi wawili wanatazama kwa makini. Kidole kimoja cha mguu kimebaki juu ya maji, kwa hiyo ibada inarudiwa. Wanaotulaumu kwamba tunawabadilisha wafu dini kwa nguvu wangetuelewa zaidi wakijua kuwa, kwa imani yetu, roho ya marehemu ina hiari kamili ya kupokea au kukataa, na kwamba Kanisa linatuagiza tulete majina ya jamaa zetu, si ya watu mashuhuri wala ya Wayahudi waliouawa na Wanazi.

Saa 4 nahudumu katika ibada iitwayo endaumenti, ambamo washiriki hufundishwa juu ya Uumbaji, Anguko la Adamu na Hawa na Upatanisho wa Kristo, kisha huweka maagano ya utii, dhabihu, injili, usafi wa kimwili (kutofanya tendo la ndoa nje ya ndoa) na kuweka wakfu mali na nguvu zao. Humalizia katika chumba cha selestia, yaani chumba kinachowakilisha mbinguni, ambako kila mtu hukaa na kusali kwa muda autakao.

Saa 7 nakula haraka.

Saa 8 ndiyo saa niipendayo kuliko zote. Mume na mke waliofunga ndoa zamani wanapiga magoti madhabahuni ili waunganishwe kwa milele, wala si hadi kifo tu, huku vioo viwili vinavyoelekeana vikirudisha sura zao bila kikomo. Kisha watoto wao wanaingizwa, nao wanaweka mikono yao juu ya ile ya wazazi. Mdogo kabisa hafiki, kwa hiyo namwinua.

Saa 10 jioni nahakiki kumbukumbu za ibada za siku na kumrudishia yule msichana, aliyekuwa akiwasubiri wazazi wake, kadi yake ikiwa na tarehe ya leo.