Baridi ya Nyiragongo ilivyonishinda mara ya kwanza, na nilivyoishinda mara ya pili

Kabla ya mlipuko wa Mei 2021, sisi wa Goma, mashariki mwa Kongo, tulizoea kuona anga jekundu juu ya volkano ya Nyiragongo kila usiku usio na mawingu. Bila shaka ndiyo sababu mjomba wangu wa Himbi, nilipopanga kupanda Novemba 2019, aliniambia nisihangaike na nguo, kwani moto wa huko juu ungenipasha. Ushauri huo unanikera hadi leo. Ziwa la lava lilikuwa mbali sana chini ya ukingo, joto lake likapaa na moshi, nasi tuliolala ukingoni tukaachiwa upepo.

Mama, kwa huruma yake, alinipa koti zito la pamba, nami nikalivaa tangu Kibati, njia ya kupanda inapoanzia. Kufikia nusu ya njia fulana yangu ilikuwa inakamulika. Katika mteremko wa mwisho, ule usio na miti, mvua ya mawe ilitumiminikia, punje ndogo kama mahindi, na kwa dakika chache mawe meusi ya volkano yakawa meupe. Theluji ya kudumu katika nchi yetu iko Ruwenzori, lakini siku ile ningeapa kwamba imehamia kwetu. Koti lilinywa maji yote likawa zito kama gunia la mihogo iliyolowekwa. Usiku kucha nilitetemeka hadi taya zikauma, na asubuhi punje zile zilikuwa bado hazijayeyuka katika nyufa za mawe.

Mpagazi mmoja mzee aliligusa koti langu, kisha akasema: “Mwanangu, mvua ilikukuta umekwisha kulowa. Jasho lako ndilo lililokutesa.”

Neno hilo lilinikaa. Goma iko kwenye mita 1,500 hivi na ukingo kwenye mita 3,470. Kila mita 1,000 hupunguza joto kwa nyuzi 6 hivi, kwa hiyo hata siku nzuri huko juu kuna baridi inayozidi ya mjini kwa nyuzi 12, na mtu aliyelowa huihisi maradufu.

Januari 2020 nilikwenda soko la Virunga, kwenye mitumba, nikakuta koti jepesi la watu wa Ulaya wanaoteleza kwenye theluji. Muuzaji alinipunguzia hadi dola 10 au 12 hivi, kwa kuwa alidhani limechanika makwapani. Hapakuwa na mchaniko wowote: ni zipu mbili ndefu, zilizowekwa ili mvaaji anayetoka jasho aifungulie hewa bila kuvua koti. Nilipanda nazo zikiwa wazi, kwa mwendo wa polepole, na tuliondoka mapema kwa sababu mawingu huanza kujikusanya mchana. Fulana na sweta ya sufu vilibaki ndani ya mfuko wa plastiki uliofungwa kwa kamba, na sikuufungua hadi nilipofika kwenye kibanda cha kulala, ukingoni. Hapo nilivua kila kitu chenye unyevu, nikavaa vikavu, nikafunga zipu. Chupa ya maji ya moto niliivika soksi nikaiweka miguuni ndani ya mfuko wa kulalia.

Nililala hadi saa kumi alfajiri, nilipoamshwa na mzee yule yule, tochi mkononi, akiomba nimwonyeshe zile zipu.