Mvua ya Februari Longyearbyen

Koti nililinunua mitumba ya Karume kwa elfu arobaini, baada ya kuvutana bei nusu saa. Safari ya Dar hadi Oslo, kisha Tromsø, kisha Longyearbyen katika visiwa vya Svalbard ilikula siku mbili, sina la kusimulia. Nilijiandaa kwa baridi. Nikakuta mvua.

Mvua Februari, nyuzi 78 kaskazini, jua lenyewe halijaonekana mjini tangu Oktoba! Koti likalowa likawa zito kama gunia la mkaa. Bakuli la supu na mkate vikanitoa elfu hamsini. Iliniuma.

Kesho yake baridi ikarudi na maji yote yakaganda. Mtafiti mmoja, mama wa makamo, alitupeleka bondeni, bunduki begani kwa ajili ya dubu. Akapiga magoti, akapangusa theluji. Chini palikuwa na barafu nene kama kidole gumba changu, na ndani yake nyasi, unaziona kama vitumbua kwenye kabati la kioo. Nikaipiga kwa kisigino mara tatu. Haikutoa hata ufa. Reindia wa huko, wanyama wa jamii ya kulungu, huparua theluji kwa kwato wapate malisho, lakini barafu ile haiparuliki. Visiwa hivi vinapata joto kwa kasi mara sita hadi saba ya wastani wa dunia, na mvua za majira ya baridi zilizokuwa nadra sasa ni za kawaida.

Ufukweni tuliwakuta watatu, mbavu zinahesabika, wanatafuna mwani. Mwani! Mtafiti akaokota kinyesi chao, laini mno, akakitia kwenye mfuko wa plastiki; maabara itaonyesha ni kiasi gani wamekula cha baharini. Mwani huwaharisha, akasema, ni wa kusogezea siku tu.

Usiku nikampigia mama. Anaishi Mabwepande tangu mafuriko ya Desemba 2011 yalipotutoa Jangwani. Nikamwambia huku imenyesha.

"Alhamdulillahi, mvua ni baraka, mwanangu."

Nikamweleza habari ya barafu na ya mwani. Akanyamaza kitambo.

"Na wenye mimba je?"

Asubuhi nilimuuliza mtafiti. Ndama huzaliwa Juni, akasema, na baada ya majira kama haya huzaliwa wachache.