Nilivyomtafuta mzee wa reli wa ukweni

Nimezaliwa Tabora, kwenye kota za reli, baba akiwa karani wa stesheni. Kwa hiyo nilipoolewa Uingereza, mama mkwe akanionyesha picha ya mwanamume mwenye ndevu nzito na kuniambia, "Huyu ni babu yake mama yangu, alikuwa dereva wa treni Swindon," moyo wangu ulimkubali papo hapo. Swindon ndiko kampuni ya reli ya Great Western Railway ilikofungua karakana yake mwaka 1843 na kuwajengea wafanyakazi nyumba za mawe. Kota za reli, basi, kama zetu.

Mbali na picha hiyo, hakuna aliyejua lolote. Nikamwambia, "Mama, niachie mimi."

Nilianzia kwa yeye mwenyewe na kurudi nyuma hatua kwa hatua. Cheti chake cha kuzaliwa kilinipa ukoo wa mama yake, na cha mama yake kikanipa ukoo wa bibi yake. Nikaagiza cheti cha ndoa cha huyo bibi, cha mwaka 1899. Vyeti vya ndoa vya Kiingereza vya enzi ya Malkia Victoria vina jambo moja zuri: vinataja baba wa bwana harusi na baba wa bibi harusi, pamoja na kazi zao. Kwenye nafasi ya baba wa bibi harusi kuliandikwa dereva wa injini. Mama mkwe akapiga makofi.

Hapo ndipo nilipopotea. Sensa ya Uingereza hufanywa kila baada ya miaka kumi, na zile za karne ya 19 zinasomeka mtandaoni nyumba kwa nyumba. Katika ya 1881 nilikuta wanaume wawili wenye jina lile lile na umri unaokaribiana. Mmoja alikuwa Swindon, lakini kazi yake ilikuwa neno la Kiingereza ambalo leo maana yake ni zimamoto. Mwingine alikuwa mji mwingine kabisa, dereva wa injini. Nikamchukua dereva. Nilitumia wiki tatu na pesa za vyeti viwili kumjengea mti wa ukoo mtu asiyetuhusu ndewe wala sikio.

Kilichonishtua ni jina la mama. Faharasa ya serikali ya vizazi vya Uingereza, kuanzia 1837, inaonyesha ukoo wa mama wa mtoto kabla ya kuolewa. Wa bibi yetu, aliyezaliwa 1878, haukufanana hata kidogo na wa mke wa yule dereva. Ulifanana na wa mke wa "zimamoto" wa Swindon, ambaye ndani ya nyumba yake alikuwamo mtoto wa miaka miwili mwenye jina la bibi yetu.

Nilicheka peke yangu jikoni. Kwenye reli neno lile lina maana iliyo kinyume kabisa: ni mtia makaa, yule anayeuchochea moto wa injini, utingo wa dereva. Binti wa reli mzima, na neno la reli limenipiga chenga! Ngazi yenyewe ilikuwa hivi: unaanza kusafisha injini, unapanda kuwa mtia makaa, na baada ya miaka mingi, ukijaliwa, unakuwa dereva.

Je, alijaliwa? Kampuni za reli zilipotaifishwa mwaka 1948 kumbukumbu zao ziliingia mikononi mwa serikali, na nyingi sasa ziko kwenye Hifadhi ya Nyaraka ya Taifa, Kew, London. Nilikwenda na kitambulisho na uthibitisho wa anwani, wakanipa kadi ya msomaji. Kalamu ya wino hairuhusiwi, unaingia na penseli. Daftari la watumishi lilikuwa kubwa kuliko sinia la pilau, na maisha yake yalikuwa mistari sita. Msafisha injini 1873, shilingi 2 kwa siku. Mtia makaa 1878. Faini mbili za kuchelewa kazini (hapo nikazidi kumpenda). Halafu, 1888: macho yamemwangusha kwenye kipimo, ahamishiwe stoo ya karakana. Kampuni hizo ziliwapima watu wa injini uwezo wa kuona taa na kutofautisha nyekundu na kijani, na aliyeanguka aliweza kuondolewa kwenye kazi yake. Sensa ya 1891 inamwita kibarua wa stoo.

Dereva hakuwahi kuwa. Cheti cha ndoa kiliandika alichosema bibi harusi mbele ya kasisi. Lakini nikapiga hesabu: baba aliposhushwa, binti alikuwa na miaka kumi. Baba aliyemkumbuka ni yule aliyekuwa akirudi alfajiri, uso mweusi kwa makaa.

Nilimsomea mama mkwe nilichonakili. Alikaa kimya, akavua miwani, akaifuta. "Macho haya," akasema, "tumeyarithi sote." Kisha akachukua penseli yangu, akaandika "mtia makaa" kwenye mti wa ukoo. Picha akairudisha ukutani. Chini yake bado kuna kibao cha shaba kinachosema dereva, naye amenikataza kukigusa.