Nilivyochunguza mahame ya shamba kisiwani

Shamba lililohamwa juzijuzi, kwa hesabu ya akiolojia, hudanganya. Chungu kilichokutwa jikoni si lazima kiwe kilitumika jikoni. Wanaohama kwa mashua hubeba chepesi na cha thamani, huacha kizito na kibovu. Kisha wapitaji huja kuokota mbao na mabati. Kazi yangu ilikuwa kutenganisha maisha ya shamba na yaliyotokea baada yake.

Sikugusa kitu kabla ya kupiga picha kila chumba, kila picha ikirudia asilimia 60 hadi 80 ya iliyotangulia. Kisha nikavuta uani kamba ya msingi, ambayo vipimo vyote huanzia kwayo, nikapata pembe mraba kwa pembetatu ya mita 3, 4 na 5, nikachora nyumba kwa skeli ya 1:50 na mazizi 1:200. GPS ya mkononi hukosea mita kadhaa. Itakuonyesha shamba liliko, si ukuta unapoishia.

Maungio ya kuta yanasema mengi. Kuta zilizofumana mawe zilijengwa pamoja. Ulioegemea mwenzake na kuacha ufa ulionyooka wima ulifuata baadaye. Vifusi navyo vina mpangilio: paa likianguka kwanza, mabaki yake hulala chini ya mawe. Mawe yakiwa juu ya sakafu tupu, huenda paa liling'olewa likachukuliwa.

Udongo wa sakafu niliuchota kwa gridi ya mita 1, takriban gramu 100 kila nukta, mwiko ukisafishwa kila mara, ili kupima fosfeti, yaani chumvi za fosforasi. Hapa ndipo wengi hupotea. Fosfeti nyingi huashiria samadi, lakini kondoo walioachwa hujikinga upepo ndani ya magofu, na ndege wa baharini nao huongeza kinyesi chao. Chumba cha kulala kitasomeka kama zizi! Niliamini zaidi nukta zilizofunikwa mapema na paa lililoanguka, na nikachota sampuli za kulinganishia nje ya shamba. Kalsiamu, inayosaidia kutambua majivu ya meko, haiaminiki penye mchanga wa makombe, kwani makombe yenyewe yana kalsiamu.

Wazee waliokulia hapo niliwahoji baada ya mchoro kukamilika, maana ukiwasikiliza kwanza, jicho hutafuta walichosema. Niliwahoji wakiwa wamesimama ndani ya magofu yenyewe: penye kizingiti ndipo mtu hukumbuka mlango uliozibwa. Maelezo yao yalipogongana na ukuta, niliandika yote mawili katika safu mbili za fomu ileile, kwani wao huenda wanakumbuka nyumba ya mwaka wa kuhama, na ukuta ni wa enzi za babu zao.