Simu ni vipande vingi, fundi yeyote atakwambia

Mi ni fundi simu hapa Busia, upande wa Uganda, meza yangu iko jirani na steji ya taksi. Jana mama mmoja kaniletea Samsung ya kijana wake imepasuka kioo, nikaifungua akiwa amekaa palepale, nikatoa kava, betri, bodi, ile fleksi ya kuchajia, akashangaa akasema eh fundi, kumbe simu ni vitu vingi hivi! Nikamwambia mama, hilo neno lako watu wamelipigania mahakamani Marekani miaka saba.

Ni ile kesi ya Apple na Samsung. Apple walishtaki Aprili 2011 huko California wakidai Samsung wameiga iPhone, yani uso wa mstatili wenye kona za mviringo, namna zile aikoni zimepangwa, mpaka ile ya kukuza picha kwa vidole viwili. Agosti 2012 jopo la raia likasema Samsung walipe zaidi ya dola bilioni 1. Na muda wote huo Samsung haohao ndio walikuwa wanawatengenezea Apple chipu za iPhone.

Sasa kinachoniuma ni hesabu yake. Sheria ya kule kuhusu patenti za umbo, yani hati inayomkataza mwingine kuiga muonekano wa kitu chako, inasema ukiiga umbo la kitu unatoa faida YOTE ya hicho kitu, na sheria yenyewe ni ya 1887, ilitokana na mazulia jamani. Kampuni ya mazulia iliibiwa ua lake, ikashinda kesi, ila ilipofika Mahakama ya Juu ikaambulia senti 6, bunge likaona huo ni uonevu. Kwa zulia nakubali kabisa maana zulia mtu analipendea ua. Lakini simu? Huu mwaka wa tisa niko kwenye hii kazi, wateja wananiuliza chaji inakaa siku ngapi, inaingia laini mbili, inashika mtandao huko kijijini, kona hajawahi kuniuliza mtu hata mmoja.

Ndio maana Desemba 2016 nilifurahi sana, majaji wote 8 wa Mahakama ya Juu walisema hicho "kitu" si lazima kiwe simu nzima, kinaweza kuwa kipande chake tu. Hiyo ndio akili ya fundi! Lakini kesi ikarudishwa San Jose, kulekule California, Mei 2018 jopo jipya likatoa dola milioni 539, na kama milioni 533 kati ya hizo ni za umbo, patenti za namna simu inavyofanya kazi zikapata milioni 5 na kidogo. Mwezi uliofuata wakapatana, siri yao.

Nayafuata haya mambo kwa sababu yanasogea kwetu. 2024 Qualcomm, kampuni ya Marekani ya chipu za simu, waliwashtaki Transsion huko Delhi, India, kwa mambo ya patenti, na Transsion ndio wenye Tecno, itel na Infinix, yani nusu ya simu zinazopita mezani kwangu. Aliyehangaika akavumbua kitu kinachofanya simu ifanye kazi alipwe, hapo sina neno, hata mi nalipwa kwa ujuzi. Ila walipwe kwa kile kipande chao, maana itel ikipanda hata elfu 20 tu kuna mama muuza ndizi hapa steji ataendelea na kile kitochi chake ambacho nimeshakichomelea mara tatu.